Mshika Gia

Trekta letu lilikuwa linaruka gia ya pili. Kwa asiyejua matrekta, nieleze. Unaingiza gia, unaachia klachi, trekta linaanza kuvuta jembe, halafu katikati ya kazi fimbo ya gia inachomoka yenyewe na kurudi ilikotoka. Injini inabaki inanguruma bure, magurudumu yamesimama. Kwenye lami hilo ni jambo la kuudhi tu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga zetu ni msiba, maana trekta likisimama kwenye tope lililolowa vizuri linaanza kujichimbia hapo hapo, na kulitoa ni kazi ya kutwa nzima na watu wa kuazima.

Kwa hiyo sisi wenye matrekta ya zamani huku bondeni tuna dawa yetu. Tunaweka mtu. Anakaa juu ya madigadi, ubavuni mwa dereva, na kazi yake ni moja: kuikandamiza fimbo ya gia kwa mkono isichomoke. Tunamwita mshika gia. Wapo wanaofunga fimbo kwa mpira wa tairi, lakini mpira haujui wakati wa kuachia, na siku unapotaka kusimama ghafla ndipo unapoujutia.

Mshika gia wangu alikuwa mke wangu.

Haikuanza kwa mpango. Mtu tuliyekuwa tunamlipa kwa kazi hiyo aliondoka kwenda Malinyi kuvua samaki, tena aliondoka asubuhi ya kazi, jembe limeshafungwa. Nikamwambia mke wangu, "Mama, panda ushike kidogo, tumalize tu hili jaruba." Akajifunga kanga ya pili kiunoni, akapanda. Jaruba likaisha, likafuata la jirani, msimu ukaisha. Msimu uliofuata, nilipowasha trekta, alikuwa ameshakaa juu ya madigadi na chupa ya chai mapajani. Sikumuuliza kitu. Ile "kidogo" yangu ilikula misimu kadhaa.

Nikisema ukweli wote, nilipenda akae pale. Nyumbani mimi ni mtu wa maneno machache. Nikishakula natafuta redio. Lakini juu ya trekta, kwa sababu ya kelele za injini, kila kitu ilibidi tukiseme kwa kupayuka, na kuna mambo ambayo mtu wa aina yangu anaweza kuyasema kwa kupayuka tu. Tuliwapayukia ndege nyangenyange waliokuwa wanafuata jembe. Tulipayukiana habari za watoto wetu walio mbali. Mara moja nilimpayukia kwamba amependeza, naye akapayuka, "Nini?" nikasema basi, si kitu. Ninaamini alisikia.

Wakati huohuo mkono wake ulikuwa unakufa, na mimi nilikuwa nimekaa karibu nao kuliko mtu mwingine yeyote.

Fimbo ya gia inayotaka kuchomoka haisukumi tu. Inatetema. Mtetemo unaingia kiganjani, unapanda kiwikoni, unakaa begani. Alianza kuniomba nimshushie ndoo kichwani, kisha akaanza kupika kwa mkono wa kushoto. Nikafikiri ni uzee, nami ninao. Tulipokwenda hospitali, daktari alimpapasa bega, akamzungushazungusha mkono mpaka akatoa machozi, halafu akauliza anafanyia nini mkono huo.

"Nashika gia," mke wangu akasema.

Daktari akafurahi. "Kumbe Mama ni dereva!"

"Dereva ni huyu," akasema, akaninyooshea kidevu.

Daktari akanitazama, akaandika. Alisema mshipa wa bega umechanika kidogo kidogo kwa muda mrefu, utatulia ukipumzishwa, lakini haupaswi tena kuvutwa wala kutikiswa. Njia nzima ya kurudi nyumbani, kwenye bajaji, mke wangu alizungumzia bei ya nyanya.

Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia. Mimi, badala ya kufikiria giaboksi, nilifikiria mtu. Nikapanda baiskeli, nikazunguka mitaa ya kwetu, nikarudi jioni nimempata baba mmoja mwenye mikono kama mipini ya shoka.

"Nimempata wa kushika," nikamwambia mke wangu.

Alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja, ungo ameuegemeza kwenye goti. Hakuinua macho. "Ana bega?"

"Bega lake zima kabisa."

"Basi mwambie aliage."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi yule baba, nikarudi, nikavaa ovaroli.

Nimesoma mpaka kidato cha nne, na somo la fizikia nililipenda. Nilijua tangu mwanzo kwa nini gia inachomoka: meno yameliwa. Nilijua pia yameliwa kwa nini. Ule mpira unaoziba shina la fimbo ulichanika siku nyingi, nami nikaufunika kwa kipande cha mfuko wa mbolea, nikaendelea kulima kwenye maji. Maji yakawa yanashuka ndani. Kila nilipopima oili niliikuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kila nilipoikuta hivyo niliongeza oili mpya juu ya hiyo chai, nikafunga. Si kwamba sikujua. Nilikuwa naogopa kufungua. Giaboksi ya trekta hilo huwezi kuitengeneza bila kuligawa trekta vipande viwili, na mimi nilikuwa sijawahi kuligawa. Niliogopa nisije nikashindwa kuliunganisha, majirani wakapita wakaliona limekaa mapande mapande mbele ya nyumba yangu.

Nilifungua kifuniko cha juu kwanza, nikamulika kwa tochi ya simu. Mke wangu akaja kusimama nyuma yangu.

"Unaona nini?"

"Meno ya gia ya pili. Yamekuwa ya mviringo, kama kipande cha sabuni iliyotumika."

"Mwenzio nilikuwa nayaona kwa mkono," akasema, akaondoka kwenda kuwasha moto.

Kuligawa trekta kunahitaji mashine ya kunyanyulia. Mimi nilikuwa na jeki mbili, magogo ya mtiki na jirani. Jirani yetu ni Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake zamani, analima kwa plau, na tangu anihamie karibu hajaacha kunitania kuhusu trekta. Aliponikuta nimelala chini ya mgongo wa chuma, nimepakaa oili mpaka masikioni, alisimama akaegemea fimbo yake kwa raha zote.

"Shikamoo, namhala," akasema, yaani mzee kwa Kisukuma.

"Marahaba."

"Leo limekula nini mpaka limelala?"

"Gia."

"Ng'ombe wangu hawana gia. Wana fimbo tu." Akageuka kwa mke wangu, akamsalimia kwa heshima, "Mayu, shikamoo. Mkono unaendeleaje?" Alipojibiwa kwamba unaendelea, utani ukamwisha usoni. Akachuchumaa karibu yangu. "Unataka nini, namhala? Sema."

Nikamweleza. Nyuma, yale magurudumu makubwa yangebaki palepale juu ya magogo. Mbele, injini pamoja na giaboksi vingesogezwa taratibu vikitambaa kwa magurudumu madogo, huku tumbo lake limelalia mitiki inayobingirika. Tungepiga kabari za mbao pande zote mbili za ekseli ya mbele, injini isije ikalala ubavu. Kulihitajika nguvu ya kuvuta iliyo nyingi lakini isiyo na haraka.

"Isiyo na haraka," akasema. "Kumbe unataka ng'ombe."

Akaleta wawili, wale wazee wake waliozoea kazi. Tukafunga mnyororo wa plau kwenye pua ya trekta. Nilifungua boliti za mwisho, nikaweka mkono kwenye maungio, nikamwambia tayari. Hakuwapiga. Alisema nao kwa Kisukuma, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji, nao wakaegemea nira, wakaegemea tena, na trekta langu likafunguka katikati bila kishindo. Ile oili ya rangi ya chai iliyokuwa imebaki ikamwagika kwenye karai.

"Andika," jirani akasema. "Trekta limevutwa na ng'ombe."

"Nitaandika," nikamjibu, na ndiyo haya.

Kuosha vyuma tuliosha wawili, mimi na mke wangu, tumekaa kwenye vigoda, karai la mafuta ya taa katikati yetu. Yeye alitumia mkono wa kushoto na mswaki wa zamani. Nikatoa gia ya pili, nikaiweka kiganjani mwake. Ni chuma kizito, unene wa mkate. Akapitisha kidole gumba juu ya meno yake, jino moja moja, taratibu.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Misimu yote nasukumana na hii."

Maneno niliyokuwa nayafungasha tangu hospitali yakanitoka vibaya, bila mpangilio. Nikasema, "Nisamehe, Mama. Nimekuumiza."

Aliendelea kusugua.

"Hukuniuliza," akasema mwishoni. "Hapo ndipo. Ungeniuliza, 'Mke wangu, gia inaruka, naogopa kufungua, utanisaidia kushika mwaka huu?' ningepanda. Ningepanda na wimbo. Wewe ulisema kidogo, halafu ukanyamaza."

"Ni kweli."

"Na lile bega la akiba, utanitafutia wapi? Mkula?"

Akacheka yeye mwenyewe, nami nikashindwa kucheka, maana kweli nilikuwa nimepanga kwenda Mkula kesho yake, kutafuta gia ya akiba.

Nilikuwa nimesikia kwamba huko, barabarani, kuna mzee mwenzangu ana trekta kama langu lililokufa. Nilipanda pikipiki na gia yangu mbovu kwenye kiroba ili nifananishe. Nilimkuta anauza ndizi kibandani. Lile trekta lilikuwa nyuma ya nyumba, limesimama kwenye majani, kuku analalia mayai kwenye kiti. Mwenyewe alinikataza nisimsumbue kuku. Tulifungua tukimzunguka. Tulipoifikia gia ya pili, tukaipangusa, nikaishika juani: meno yake yalikuwa na pembe, makali, kama yaliyokatwa jana. Trekta lile lilikufa injini, giaboksi yake ilikuwa bado msichana. Mzee alinishauri nichukue na beringi, na zile gololi ndogo na springi zinazoibana gia ikae mahali pake. Nikachukua, tukapatana, tukala ndizi.

Kuunganisha kulinichukua muda mrefu kuliko kubomoa. Gasketi niliikata mwenyewe kwa boksi gumu la katoni: unalilaza juu ya chuma, unagongagonga kingo kwa nyundo mpaka chuma chenyewe kinalikata. Mpira wa fimbo niliununua mpya mjini. Kile kipande cha mfuko wa mbolea nilikitia motoni kwa mkono wangu. Gia ikaingia, beringi ikaingia, uma unaoisukuma gia ukakaa kwenye mfereji wake. Jirani akaleta tena wale wazee wawili, safari hii wakivuta kutoka upande wa pili, na pande mbili zikakutana. Nikakaza boliti zote. Nikajaza oili mpya, nyekundu safi. Mimi niliyekuwa naogopa nikasimama, nikajipangusa mikono, nikajiona fundi.

Mke wangu alikuwa anamwaga mafuta machafu ya karai kwenye shimo la takataka. Akainama.

"Baba. Hiki nacho ni cha nani?"

Alikuwa ameshika kati ya vidole viwili pete ya shaba, bapa, nene kidogo. Ilikuwa washa. Nilijua ni ya wapi kabla hajaifikisha kwangu. Inakaa mwisho wa shafti, nyuma ya beringi, na kazi yake ni kuizuia shafti isicheze mbele na nyuma.

"Hiyo ya ziada," nikasema.

Sikutafakari. Neno lilitoka lenyewe kwa sababu ya uchovu, kwa sababu ya oili mpya iliyokuwa imeshajazwa, na kwa sababu jirani alikuwa ameshafika kwake na ng'ombe. Hata nilijiambia kwamba trekta linaweza kwenda bila hiyo washa, na kweli lingekwenda. Lingelima mwezi, labda msimu. Halafu shafti ingeanza kucheza, meno mapya yangeanza kung'atana kwa ncha tu, na fimbo ingeanza kutetema.

Akaiweka washa juu ya kigoda, akasema sawa, akaenda kuosha karai. Aliniamini. Nilimtazama anavyoliinamisha lile karai, mkono wa kulia ameubana tumboni kama mtu aliyebeba kifaranga, anamimina kwa wa kushoto na kwa nyonga. Nikajua fimbo hiyo ikianza kutetema tena nitafanya nini. Nitasema, "Mama, panda kidogo."

Nikamfuata.

"Nimekudanganya. Si ya ziada. Nimeisahau ndani."

Akaniangalia usoni. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo inabidi kufungua upya. Lote."

"Na oili?"

"Tutaikinga. Karai liwe safi."

Akalitazama karai mkononi mwake. "Ndiyo maana naliosha," akasema, na safari hii nilicheka mpaka nikakaa chini. Alijua. Sijui alijuaje, hajui beringi wala shafti. Labda anajua sauti yangu ninaposema jambo upesi mno.

Jirani aliporudi asubuhi alijifunga kibwebwe cha kuigiza, akawaambia ng'ombe wake kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Twendeni, jamani. Huyu mzee amewapenda, anatafuta visingizio vya kuwaona." Tukalifungua, nikaipachika washa kwa vidole vyangu, nikamwita mke wangu aje aione imekaa mahali pake kabla hatujafunga. Akachungulia, akaigusa.

"Haya," akasema. "Funga."

Shamba letu wenyewe liko ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Siku ya kulijaribu trekta, mvua ilikuwa imenyesha ya kutosha na udongo umeiva. Mke wangu alitangulia kwa bajaji. Hakutaka kupanda, na mimi sikumwomba. Nilivuka daraja peke yangu, gia ya pili, mkono wangu wa kushoto ukielea juu ya fimbo bila kuigusa. Ubavuni mwangu, juu ya madigadi, palikuwa wazi. Nilitamani kupayuka jambo, sikuwa na wa kumpayukia.

Katikati ya shamba kuna kijito kilichokufa zamani. Unashuka na jembe, unapanda, na wakati wa kushuka uzito wote unausukuma mwili wa trekta mbele. Hapo ndipo gia ilipokuwa lazima ichomoke, na hapo ndipo mke wangu alipokuwa lazima aikandamize kwa mikono miwili na kifua. Nilimwona amesimama kwenye tuta, ng'ambo ya kijito, amejitanda kanga kichwani. Nikapunguza mafuta, nikashuka.

Sikuitazama fimbo. Nilimtazama yeye. Na nilipofika pale pabaya, niliona mkono wake wa kushoto unajifunga ngumi hewani, kiwiko kinanyooka, mwili mzima unaegemea mbele, anaikandamiza gia kutoka mbali vile. Bega la kulia nalo likajaribu kuinuka, likamkatalia.

Gia ikakaa. Trekta likashuka, likagusa chini, likapanda, jembe likaendelea kupindua udongo kama kwamba kijito hakikuwepo. Nilipompita mke wangu, ngumi yake ilikuwa bado imefungwa. Aliitazama mwenyewe, akaifungua, akaipangusa kwenye kanga.

Nilisimamisha trekta. Nikamuuliza, na nilihakikisha ni swali: "Mama, utakaa tulime wote, au ungependa nini?"

Alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo wakati wa kulima, nami ndiye niliyetakiwa kumuuliza.

"Ningependa kulala," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mchana. Msimu wa kulima." Akasema hivyo akitabasamu kama anayetaja kitu cha anasa. Akakunja kanga yake, akapita juu ya tuta kuelekea barabarani kutafuta usafiri, bila kugeuka nyuma. Hakuwa na hasira. Ninamjua anavyotembea akiwa na hasira.

Nililima peke yangu mpaka jua lilipogeuka. Gia haikuruka hata mara moja, na nyangenyange walikuja kama kawaida yao. Sikuwa na furaha niliyoitegemea. Nilikuwa na nyingine, tulivu zaidi, iliyochanganyika na upweke. Robo ya shamba ilikuwa bado, lakini nilifungua jembe, nikarudi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mkeka kivulini, amelala chali, mdomo wazi kidogo. Jiko lilikuwa limepoa, hakuwa amepika chochote. Nikavua viatu mbali ili nisimwamshe, nikanawa oili kadiri ilivyotoka, nikakaa kwenye kigoda nikimtazama anavyopumua. Nilikaa hivyo mpaka kivuli kikamhama miguuni. Hapo akafumbua jicho moja.

"Umemaliza?"

"Bado robo."

"Sasa mbona umekaa?"

"Nimekaa tu."

"Imeruka?"

"Haijaruka."

Akafumba jicho. Halafu akajisogeza taratibu, akilibembeleza bega lake, mpaka mkeka ukabaki wazi upande mmoja kiasi cha kumtosha mtu.